Sungura amekuwaje? Kutafuta chanzo cha matatizo kwenye banda la Mtwara na Lindi

Mwaka wa kwanza nilizika sungura wengi kuliko niliobaki nao, na karibu kila aliyekufa nilimtafutia ugonjwa. Nilikuwa naingia duka la dawa za mifugo na jina la ugonjwa mdomoni, nauziwa dawa ya jina hilo, narudi Mikindani namkuta mwingine kalala ubavu. Nilipoanza kuandika kwenye daftari saa, hali ya hewa, majani niliyowapa na nani alifungua banda siku hiyo, nikagundua kwamba huku kwetu pwani ya kusini banda ndilo linaloanza kuugua. Joto, unyevu na mikono yetu wenyewe huwadhoofisha sungura, vijidudu vinakuja kumalizia kazi.

Ndiyo maana hapa chini tunaanza na dalili unayoiona kwa macho, tunakagua banda, maji na majani, na ugonjwa wenyewe tunaufikia mwishoni.

Mkojo mwekundu, na kinyesi kama kishada

Hili naliweka mbele kwa sababu ndilo linalowatia watu hofu bure. Bibi mmoja jirani aliniita asubuhi mapema juu ya ua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, hao sungura wako wanakojoa damu. Kuna mtu ana kijicho na wewe."

Haikuwa damu. Mkojo wa sungura mzima hubadilika rangi kufuatana na alichokula: njano, rangi ya chungwa, mwekundu kama kutu. Wakati mwingine unakuwa mweupe mzito kama maji ya chokaa, kwa kuwa sungura hutoa kalisi ya ziada kwa njia ya mkojo. Anakula, anarukaruka, macho yanang'aa? Mwache. Ingia wasiwasi ukiona mabonge au matone ya damu ndani ya mkojo ulio safi, au jike anayetokwa damu huku amejikunyata na hataki kula.

Kuna pia kile kinyesi laini, cheusi, cha kung'aa, kilichoshikana kama kishada cha zabibu ndogo. Sungura hukila chenyewe, akikichukua moja kwa moja anapokitoa, na humo hupata protini na vitamini za kundi B ambazo hazikufyonzwa mara ya kwanza. Kwa kawaida hutakiona. Ukikikuta kimesambaa sakafuni kila asubuhi, pumba imezidi na majani makavu yamepungua, au sungura amenenepa hadi hafiki nyuma. Punguza pumba kwa nusu, jaza nyasi kavu, subiri siku chache.

Anahema mbio, masikio yamekuwa mekundu, pua na mdomo vimelowa

Hapa usisome hadi mwisho kwanza. Mtoe juani, mlaze pahali penye kivuli na upepo, lowanisha masikio yake kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, rudia rudia. Usimtumbukize kwenye ndoo wala usitumie maji ya barafu mwilini, mshtuko wake unaweza kumuua. Usimmiminie maji kooni. Yaweke karibu, anywe mwenyewe.

Sasa chanzo. Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto hulitoa kwa masikio na kwa pumzi, na mwili wake hufurahia nyuzi 15 hadi 20 hivi. Zikipita 30 anaanza kupigania uhai. Kuanzia Novemba hadi Machi mchana wetu unagusa hapo na kupita, tena hewa ina unyevu wa bahari, kwa hiyo hata kuhema hakumsaidii kama ambavyo kungemsaidia mahali pakavu. Jike mwenye mimba ya mwisho mwisho ndiye wa kwanza kuanguka, akifuatiwa na waliononeshwa.

Kagua banda saa nane mchana, si asubuhi. Asubuhi kila banda ni zuri. Ingiza mkono juu kabisa, karibu na paa, uushikilie hapo kwa muda. Ukiona kero, kumbuka yeye ana koti la manyoya. Mara nyingi utakuta bati jipya lisilo na dari, limeshushwa chini ili kuokoa mbao. Sielewi kwa nini watu huku wanaona aibu kuezeka makuti banda la mnyama, wakati minazi imejaa na babu zetu walilala chini yake bila feni. Makuti yaliyosukwa vizuri yanashinda bati mara zote. Kama bati umeshapiga, tandaza makuti juu yake na uyafunge kwa kamba, au hamishia banda chini ya mwembe.

Kosa la pili ni kuta. Kwa kuogopa wezi, paka na nguchiro, mtu anaziba pande zote nne kwa mabanzi, anaacha tundu la kuingizia mkono. Hilo ni tanuru. Upande mmoja mrefu uwe wavu kutoka juu hadi chini, na ule wa pili uwe na nafasi ya kupitisha upepo. Pepo zetu ni mbili na kila mvuvi anazijua: kaskazi miezi ya joto, kusi kuanzia Aprili hivi. Kaskazi iachie njia. Kusi inapovuma na mvua ya pembeni, shusha gunia au turubai upande huo usiku, mchana ulikunje. Wa Newala na Tandahimba, juu kwenye uwanda, tatizo lenu linageuka: usiku unapoa na upepo ni mkali, kwa hiyo kinga dhidi ya upepo ina uzito kuliko kivuli.

Vipimo vya kuanzia kwa sungura mmoja wa umbo la kati: upana sentimita 60, urefu 90, kimo 45 au zaidi, sakafu ya kizimba iwe juu ya ardhi kama mita moja ili kinyesi kianguke na hewa ipite chini. Kila mkubwa kizimba chake. Madume mawili pamoja watahasiana, na hili si mfano wa maneno.

Maji yasikatike hata saa moja. Weka kwenye bakuli la udongo, hukaa baridi kuliko kopo la plastiki, na zito hivyo halipinduki. Jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita moja na zaidi kwa siku, na mtu anashangaa kwa nini kopo la robo lita limekauka saa tano asubuhi. Mwenye friji agandishe chupa ya maji na kuilaza kizimbani mchana wa joto. Utaona anavyokuja kuiegemea. Pumba wape jioni. Mchana wa joto hawali, na chakula chenyewe kinapomeng'enywa kinaongeza joto mwilini.

Amepandishwa mara tatu, mimba hakuna

Anza na swali linalochekesha: una uhakika mmoja ni jike? Niliuziwa "jike na dume" sokoni nikakaa nao miezi minne nikisubiri wajukuu. Wote walikuwa madume. Sungura wa wiki 8 mgeuze chali mapajani, bonyeza taratibu kwa vidole viwili pande zote za sehemu ya siri. Dume atatokeza kitu cha mviringo kama mrija mdogo chenye tundu la duara. Jike ana mfereji, mpasuko unaoelekea upande wa mkia. Kufika miezi mitatu au minne dume anaonyesha korodani, vifuko viwili virefu visivyo na manyoya, ila akiogopa huvivuta ndani, kwa hiyo usihukumu kwa kutazama mara moja.

Kama jinsia ni sahihi, angalia mnavyowakutanisha. Jike hupelekwa kwa dume. Ukimpeleka dume kwa jike, jike atatetea nyumba yake na dume atatumia muda kunusa kona badala ya kufanya kazi. Kaa utazame. Ikifanyika hutakosa kuona: dume anatoa mlio na kuanguka ubavu, yote sekunde chache. Asipoanguka, hakuna kilichotokea, hata kama waliachwa pamoja usiku kucha. Na usiwaache usiku kucha, maana hutajua tarehe.

Sungura jike hana siku za joto kama ng'ombe au mbuzi. Yai hushuka baada ya kupandwa, saa kama kumi baadaye. Ana vipindi vya kukubali na kukataa, na vinaonekana: sehemu ya siri ikiwa nyekundu au ya zambarau na imevimba kidogo, atakubali, ikiwa nyeupe iliyopauka, rudi baada ya siku tatu. Ukimrudisha kwa dume mara ya pili siku hiyo hiyo, jioni baada ya asubuhi, nafasi ya kupata watoto wengi huongezeka.

Jike anakubali, dume anaanguka, na bado hakuna kitu? Tazama kalenda. Dume aliyekaa kwenye joto kali siku nyingi mbegu zake huharibika, na hazirudi siku hali ya hewa inapopoa. Mwili unahitaji kama miezi miwili kutengeneza nyingine. Dume aliyeteseka Januari anaweza kukuangusha hadi Machi huku akionekana yuko fiti kabisa. Wengi huuza jike kwa kosa la dume. Kwa hiyo kizimba chenye kivuli kizuri kuliko vyote kipe dume, na panga upandishaji wako mkubwa kati ya Juni na Septemba, kusi ikiwa bado inapuliza.

Kisha umri na mwili. Jike aanze akiwa na miezi 5 hadi 6, dume 6. Jike aliyenona sana, mwenye mafuta yanayotikisika shingoni na tumboni, hashiki mimba kwa urahisi; mfungie pumba, mwachie majani. Dume mmoja anatosha majike 8 hadi 10, ila usimtumie kila siku. Na usizalishe kaka na dada wa tumbo moja kwa sababu tu ndio ulionao. Mtwara na Lindi sungura wengi wanazunguka mikononi mwa watu wale wale, kwa hiyo dume mpya tafuta wilaya nyingine: kama jike ni wa mjini, dume toa Masasi au Nachingwea.

Mimba pima siku ya 12 hadi 14. Mshike kwa mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine upitishe tumboni mbele ya nyonga, polepole kama unayetafuta shilingi kwenye unga. Utahisi mfano wa gololi laini zinazoteleza. Vitu vigumu vidogo vilivyo juu karibu na uti wa mgongo ni kinyesi. Mkono wa mwanzo utakudanganya, hiyo ni kawaida. Ukikamua kwa nguvu utamharibia.

Jike akianza kung'oa manyoya na kubeba nyasi mdomoni siku ya 16 hadi 18, hiyo ni mimba ya uongo. Alipandwa bila kushika, au alipandwa na jike mwenzake. Hakuna dawa. Siku zikipita mpandishe tena, mara nyingi hukubali vizuri.

Watoto walizaliwa usiku, asubuhi wamekufa au hawapo

Mimba ya kweli huchukua siku 30 hadi 32. Siku ya 28 weka sanduku la kuzalia, la mbao, urefu sentimita 45, upana 30, kimo 30, upande mmoja ukatwe chini kidogo ili mama aingie bila kuruka. Tandika nyasi kavu nyingi. Kilichowapata watoto utakijua kwa kuangalia walipokutwa na walivyo.

Wametawanyika juu ya wavu, baridi, wazima miili yao: mama alizalia nje ya sanduku. Ama sanduku lilichelewa, ama ulilitia kwenye kona anayokojolea. Jike wa uzao wa kwanza hufanya hivi mara nyingi, kwa hiyo msamehe mara mbili. Mtoto aliye baridi lakini bado anajitikisa mweke kifuani ndani ya nguo yako hadi apate joto, ndipo umrudishe kwa wenzake. Mama hatamkataa kwa harufu ya mkono wako kama mmezoeana. Hiyo hadithi imewaua watoto wengi kwa sababu watu wanaogopa kukagua kiota. Kagua kila siku, toa waliokufa.

Wameliwa nusu, kichwa au miguu: uliza maji kwanza. Jike anayezaa na kopo kavu anaweza kula watoto. Sababu nyingine ni kelele na hofu: mbwa aliyelala chini ya kizimba, watoto wa mtaa wanaochungulia na tochi, ngoma za unyago usiku kucha nyumba ya pili. Wakati mwingine wamezaliwa wafu na mama anasafisha tu. Jike aliyekula watoto mara tatu mfululizo, na maji yalikuwepo, na palikuwa kimya, mpeleke jikoni.

Wana tumbo lililokunjamana kama tunda lililonyauka: hawanyonyi. Hapa wanaoanza wanakosea sana, wanamwona mama amekaa mbali na sanduku mchana mzima wakadhani amewatelekeza. Sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, dakika tatu hadi tano, kwa kawaida usiku au alfajiri. Pima kwa tumbo la mtoto asubuhi: likiwa duara na limekaza, amekula. Kama wote wamesinyaa siku ya pili, mlaze mama juu ya watoto wewe mwenyewe, umshike dakika kadhaa, na angalia chuchu kama zimevimba na kuwa ngumu. Mimi nawapandisha majike wawili siku moja ili mmoja akishindwa, watoto wahamie kwa mwenzake ndani ya siku tatu za mwanzo. Jike kwa kawaida ana chuchu 8, hivyo aliyezaa 11 naye mpunguzie mzigo.

Wametoka wenyewe wametapakaa mlangoni mwa sanduku, mwezi wa Desemba: joto. Sanduku la mbao nzito lililofunikwa juu ni oveni. Toboa sakafu matundu ya kupitisha hewa, ondoa kifuniko, punguza manyoya kiotani, uyahifadhi uyarudishe usiku ukipoa.

Hawapo kabisa, hata mfupa: nyoka au panya. Wapo lakini wana madoa mekundu mwili mzima: siafu. Siafu hawana huruma na hupita usiku mmoja tu. Kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo lenye oili chafu ya gereji, kopo lifunikwe kidogo lisijae maji ya mvua, na jani lolote linalogusa banda kutoka kwenye ua likatwe, maana siafu watalitumia kama daraja. Nimeona banda lenye makopo manne safi, na kamba ya kuanikia nguo imefungwa kwenye nguzo yake.

Wakifungua macho, siku ya 10 hadi 12, hatari ya kwanza imepita.

Wanahara, au tumbo limejaa kama ngoma

Hii huwapata zaidi walioachishwa kunyonya, wiki ya 5 hadi ya 8. Jiulize ulibadilisha nini ndani ya siku tatu zilizopita. Utumbo wa sungura unaendeshwa na bakteria waliozoea chakula fulani. Ukibadilisha ghafla, wanakufa na wabaya wanachukua nafasi. Achisha wakiwa na wiki 6, mhamishe mama na kuwaacha watoto kizimba walichozoea, na chakula kile kile walichokuwa wakila naye.

Majani yana habari ndefu huku kwetu. Kata leo, nyausha kivulini hadi kesho, ndipo uwape. Ya umande au ya mvua yanajaza tumbo gesi. Mchunga wanaupenda kupita kiasi na hauna shida. Matembele, majani ya kunde, majani ya karanga yaliyokaushwa baada ya mavuno, majani ya mbaazi, mlonge: vyote vizuri na bure. Lusina kidogo tu, ina sumu ikizidi. Majani ya muhogo nakushauri uyaache kwanza, hasa ya muhogo mchungu, kwa ajili ya sianidi iliyomo. Ya nyanya, viazi mviringo na parachichi usiwape hata siku moja, na minyaa ya ua isiingie kizimbani.

Halafu kuna salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, vumbi lile la njano linatua kwenye kila kitu kilichoota chini na pembeni, na nyasi nzuri laini mara nyingi ziko hapo hapo chini ya mkorosho. Miezi ya Juni hadi Septemba kata majani mbali na mashamba ya korosho, au panda tuta lako la matembele nyuma ya jiko ulilo na uhakika nalo. Wengine wanapulizia dawa za maji ambazo hata hazionekani kwenye jani.

Pumba na mashudu vinuse. Pumba ya mahindi iliyokaa gunia moja tangu masika, au mashudu ya karanga yenye harufu ya ukungu, yana sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuanika. Nunua kidogo, weka juu ya chaga, maliza ndani ya wiki mbili. Mashudu ya ufuta yanapatikana Lindi kwa urahisi, ila nayo yakikaa yanachacha.

Ikiwa chakula hakikubadilika na bado wanahara, wanakonda huku tumbo likiwa kubwa, manyoya yamesimama, fikiria koksidia, vijidudu vinavyoshambulia utumbo na ini. Ukimpasua aliyekufa ukakuta ini lina madoa meupe kama mbegu za mtama, huo ni ushahidi mzito. Mayai ya vijidudu hivi yakitoka kwenye kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji unyevu, joto na muda wa siku moja hadi tatu hivi kukomaa. Mtwara tumewapa unyevu na joto, basi tuwanyime muda: fagia kila siku, kinyesi kisikae sakafuni, chakula kisiwekwe chini. Sakafu ya wavu wenye matundu ya sentimita moja na nusu, au fito za mianzi zenye nafasi kama hiyo, inakata mzunguko huu kuliko dawa yoyote. Dawa zipo, amproliamu na zile za jamii ya sulfa zinazowekwa kwenye maji ya kuku. Tafadhali ukisema "salfa" dukani, fafanua. Kuna mtu alitoka na unga wa mikorosho. Kipimo ukipate kwa afisa mifugo wa kata yako.

Usimpe sungura amoxicillin wala penisilini kwa mdomo. Kidonge kinachomponya mtoto wako kinaua bakteria wa utumbo wa sungura, na siku mbili baadaye anahara hadi kufa. Nimejaribu, kwa hiyo usijaribu.

Anatikisa kichwa, masikio yamejaa magamba

Ni utitiri wa masikio. Gamba la kahawia linajijenga ndani kama mkate uliochakaa. Usilibandue, chini yake ni nyama mbichi. Dondoshea mafuta ya kula matone kadhaa siku kwa siku. Gamba linalainika na utitiri unakosa hewa. Hali ikiwa mbaya, sindano ya ivermectin humaliza kazi, ikirudiwa baada ya siku 14. Hatari iko kwenye hesabu. Chupa ya asilimia moja ina miligramu 10 kwa kila mililita, na imetengenezwa kwa ng'ombe. Sungura wa kilo 4 kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo anahitaji mililita 0.08. Nane ya mia moja ya mililita! Kwa sindano ya kawaida ya ng'ombe hutaiona. Mwite afisa mifugo aje na sindano ndogo, awachome wote wa banda hilo, na nyama yao isiliwe kwa muda atakaokutajia. Magamba yakiwa puani na vidoleni ni utitiri wa aina nyingine, tiba ni ile ile, ila huu unaweza kukuwasha na wewe.

Mengine kwa ufupi

Anapiga chafya na nyayo za mbele zimelowa na kugandamana manyoya: anajifuta kamasi. Kama kamasi ni nyeupe nzito, mtenge, usimzalishe. Kabla ya kulaumu bakteria piga magoti unuse banda kwa kimo chake. Ukisikia mkojo unakuchoma pua, yeye anaishi humo.

Vidonda chini ya nyayo za nyuma: wavu mwembamba au wenye kutu. Mwekee kibao cha kukalia.

Anadondosha mate na chakula: mfungue midomo uone meno ya mbele. Yakipishana, ni la kurithi mara nyingi. Usimweke kwa mbegu.

Unataka kumpeleka Ngongo, lakini haonekani kama picha

Viwanja vya Ngongo, Lindi, ndiko kanda yetu ya kusini hukutana Nanenane, na kila mwaka mtu anauliza kwa nini sungura wake amefifia. Tuanze na California, yule mweupe mwenye pua, masikio, miguu na mkia vyeusi. Weusi wake unategemea joto: kimeng'enya kinachotengeneza rangi kinafanya kazi sehemu za mwili zilizo baridi tu. Aliyekulia Mtwara kipindi cha kaskazi pua yake huwa ya kahawia iliyopauka, akipata kusi Juni na Julai manyoya mapya yanaota meusi zaidi. Kwa hiyo usimchague wa kuonyesha Februari. Wala usimlipe muuzaji pungufu kwa sababu hiyo, hajakudanganya.

Mweupe mwenye macho mekundu tunayemwita New Zealand, ambaye kwa kweli aliendelezwa Marekani, ana kipimo chake. Viwango vya American Rabbit Breeders Association vinataka jike mkubwa awe pauni 10 hadi 12, yaani kilo 4.5 hadi 5.4, na dume pauni 9 hadi 11, kilo 4.1 hadi 5. Wetu wengi wamechanganyika na wanaishia chini ya hapo. Sioni ubaya wowote, mdogo anavumilia joto, ila kwenye kibao andika "chotara" na watu watakuheshimu. Mambo yanayomwondoa sungura mashindanoni huko yafaa kukaguliwa hata hapa: meno yaliyopishana, utitiri masikioni, kamasi, vidonda.

Amepungua uzito ghafla au manyoya yanatoka mashada mashada: anapukutisha. Hakuna njia ya mkato, chukua mwingine. Kwa hesabu ya Agosti 8, mpandishe jike mwanzoni mwa Septemba mwaka wa nyuma, azae mwanzoni mwa Oktoba. Siku ya maonyesho mtoto ana miezi 10, amekomaa. Ukisubiri Januari unapambana na joto na dume asiye na mbegu.

Manyoya yamegeuka njano miguuni na mkiani ni mkojo. Usimwogeshe. Kizimba kiwe kikavu wiki tatu kabla, na mpanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Mzoeze kushikwa kila jioni, mkono mmoja chini ya matako, asije akarusha teke mbele ya watu na kujivunja uti wa mgongo. Kutoka Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo ondoka alfajiri, kila mmoja kwenye tenga lake, asiwe juu ya injini wala chini ya magunia, na mpe matembele njiani badala ya maji yanayomwagika. Beba majani ya nyumbani ya siku zote utakazokaa huko. Ya Ngongo hujui yametoka chini ya mkorosho gani.

Ukirudi, aliyetoka maonyesho asilale na wenzake. Wangu hukaa wiki tatu nyuma ya jiko peke yake, na ndiye wa mwisho kulishwa kila jioni, kwa mikono nitakayonawa kabla ya kugusa banda tena.